Mguu wa Kushoto na Ng'ombe wa Ogwedhi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kliniki hapa Awendo. Sista Shamima ameminya mguu wangu wa kushoto kama anachagua avokado sokoni. Akasema mzee, wewe damu ilishawahi kukuganda mguuni, usikae kutwa. Tembea kila siku, lakini polepole. Usijitie ujana! Kwa umri huu, kujichosha ghafla nako kunaweza kugandisha damu, na bonge likipanda mapafuni tutakuzika.
Nirudi Ijumaa. Mguu ukiwa sawa, Jumapili naenda sokoni Ogwedhi kuchagua ng'ombe za mahari ya kijana yangu Kerosi. Ukivimba, ataenda jirani yangu Okari. Okari! Mtu hajui ng'ombe na meza!

Jumanne, 4 Machi
Okari amepita na fimbo yake, polepole, akisalimia kila kuku. Akaniita, Motari, twende, barabara haina mwenyewe. Nikamwambia mimi si konokono.
Nikakaa kibarazani. Harufu ya sukari kutoka kiwandani, tamu, nzito. Nikafumba macho. Ng'ombe za Ogwedhi zikashuka katikati ya miwa, nyeupe, bila sauti, kama ukungu. Fahali akanilamba kiganja. Nikamuuliza, wewe wa nani? Akasema wako, lakini harakisha.
Basi! Matembezi ya wiki nzima nitayamaliza kesho.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshindana na trekta ya miwa! Watoto wanaochomoa miwa kwenye trela wakapiga kelele, kwaro! kwaro! yaani babu! Nikaipita. Mke wangu Nyamusi anasema trekta ilikuwa na pancha. Wivu.
Kisha nikalala juu ya majani ya miwa. Nilikuwa mwepesi. Mawingu yote yalikuwa na pembe.

Ijumaa, 7 Machi
Mguu umevimba kama mtungi, unachoma. Akili mpya: gambuti, buti refu la mpira! Nyamusi akauliza, Baba Kerosi, gambuti na jua hili? Nikasema mkulima hunusa mvua.
Sista akasema vua. Nikasema nasikia baridi. Akavuta. Askari wa geti akavuta. Gambuti ikakataa katakata. Wakaikata kwa mkasi. Gambuti mpya! Sista akauona mguu, akakimbilia simu. Kukimbia kule sikukupenda. Pumzi nayo ilikuwa fupi. Nilidhani ni hamu ya ng'ombe.
Gari moja kwa moja hadi hospitali ya Homa Bay, kando ya ziwa.

Jumapili, 9 Machi
Wodini. Sindano za tumboni, za kuzuia damu kuganda. Daktari anasema ningechelewa siku moja, ng'ombe za mahari zingechinjwa kwenye matanga yangu. Nyamusi aligeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika. Nikamwambia Mama Kerosi, bado nipo. Hakugeuka.
Okari amepiga simu kutoka Ogwedhi. Nikasikia ng'ombe nyuma yake. Akasema, mzee mwenzangu, nimempata fahali mweupe, mpole, amenilamba kiganja.
Nikakata simu. Dirishani ziwa lilikuwa jeupe, limelala kama kundi lililoshiba. Nililitazama sana. Macho yaliingia vumbi.
Jioni daktari ameniruhusu kutembea hadi mlangoni. Polepole, amesema. Kitanda cha pili kuna mzee Wangwe. Yeye hufika mpaka dirishani, na fimbo, akirudi ananitazama. Ananitazama kabisa!
Kesho asubuhi nitamwacha nyuma kama trekta. Gambuti ya kulia iko chini ya kitanda. Moja inatosha.