Ombi la Kushushwa kwa Shule Yetu

Kwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo, Mwalimu. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri, kama ninyi nyote mliozaliwa huku juu.

Mimi ni yule mgeni wa Kidato cha Pili, niliyehamia kwa shangazi mwezi uliopita nikitokea bondeni kwenye joto. Pengine hunijui kwa sauti, maana sijawahi kuitoa. Naandika kwa heshima kuomba shule ishushwe kutoka hapa kilimani. Sababu zangu ni hizi:

1. Hewa ya huku ni nyepesi mno. Kitabu chetu cha baiolojia, ambacho ni cha Kiingereza, kinasema oksijeni ipo, ila chembe zake zimekaa kwa kuachana. Nimejitafsiria kwa Kiswahili, na kwa lugha zote mbili bado hainifikii kifuani.

2. Nikikimbia mzunguko mmoja tu wa uwanja, moyo unagonga kama mpangaji aliyefungiwa nje. Shangazi anasema mwili utazoea baada ya wiki chache, utaongeza damu, niache kujidekeza. Namheshimu, lakini yeye anashinda kwenye cherehani.

3. Hili ndilo linaloniuma. Siku ya kwanza ya mazoezi nilifika wa mwisho, nikainama, mikono magotini, natafuta pumzi. Kumbe mbele yangu kasimama mwalimu wa michezo. Akawageukia wenzangu: "Mnamwona mwenzenu? Hoi bin taabani, lakini kamwinamia mwalimu wake! Nyie mmesimama kama milingoti!" Nilitaka kueleza. Pumzi ya kuelezea sikuwa nayo. Tangu siku hiyo naitwa Adabu.

4. Kila nikikimbia nainama, na kila nikiinama nasifiwa. Juzi mwalimu huyo akaniuliza kama nakubali kuwa nahodha wa timu ya riadha. Nilikuwa nahema, kichwa kinapanda na kushuka. Akasema, "Safi sana, amekubali!"

5. Nahodha hutoa hotuba siku ya michezo, ambayo ni Jumamosi hii, mbele ya shule nzima na wazazi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwalimu, mimi hata jina langu likiitwa darasani huinua mkono tu. Kosa si langu wala la mwalimu wa michezo. Kosa ni la kilima. Kule bondeni ningekuwa na pumzi, ningesema "hapana" mapema na kwa sauti, na leo ningekuwa mtu wa kawaida asiyejulikana.

Kwa hiyo naomba shule ishushwe angalau hadi pale kituo cha mafuta, ambapo bado nahema kwa staha. Ikiwa majengo ni mazito, ishushwe hotuba peke yake. Mimi nitaisomea kule chini, wazazi wasikilize kutoka huku.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi wa geti, na hasa mwalimu wa michezo. Mwambie sina kinyongo naye.

Wako mtiifu, katikati ya kuhema,
Adabu

N.B. Nilipomaliza kutia sahihi nilipanda ngazi zote za ofisi yako mbio, nikihofia utakuwa umeshaondoka. Karani wako akaniuliza, "Haya mwanangu, una shida gani?" Nikasubiri kuhema. Sikuhema. Kifua kimetulia tuli, pumzi tele, maneno hakuna. Basi nikainama. Akasema, "Ndiyo maana wakakuchagua wewe." Nimemwomba kalamu kwa ishara ili niongeze haya machache. Shule ibaki ilipo, Mwalimu. Ila tafadhali usimwambie mtu kwamba nimeshazoea. Hicho kilima nitakihitaji sana Jumamosi.