Daktari na Kikombe Kilichogoma

Hakuna mwanamke chini ya jua anayekijua kikombe cha hedhi kumshinda Daktari! Kasema mwenyewe. Chuo alichosomea usiulize. Ni fundi cherehani, na hilo jina wenzake walimbandika kwa sababu ya mdomo.

Siku yake ya kwanza tu ya kukitumia, asubuhi asubuhi, alisimama katikati ya karakana, futi ya kupimia shingoni.

"Jamani, mtahangaika na pedi mpaka lini? Saa kumi na mbili nzima huna habari! Unakaa, unainama, unaruka! Ukimaliza unakiosha, unakichemsha, miaka na miaka!"

"Na kikigoma kutoka?" akadakia fundi wa vifungo.

"Kigome? Kwangu mimi? Thubutu!"

Saa kumi alasiri akaingia chooni kukimwaga. Kikagoma!

Akapapasa kile kimkia cha kushikia. Hakuna! Ndipo akakumbuka. Asubuhi, baada ya hotuba yake, alipokwenda kukivaa alikiona kimkia kinaning'inia, na fundi gani huyo aone kitu kinaning'inia akiache? Alikikata chote kwa mkasi wa nyuzi, tena kwa madaha.

Nusu saa ikapita. Amwite nani? Wale aliokuwa akiwacheka? Aibu gani hiyo! Akachuchumaa, akasimama, akaruka mara tatu. Kiungulia kikamchoma, naye akaamini kikombe kimeshafika kifuani.

"Mama yangu weee! Kimepanda!"

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Kimya, mpiga pasi, mtu wa maneno kumi kwa wiki.

"Shoga, punguza kelele. Hakiwezi kupanda, huko juu hakuna njia. Umenawa mikono? Haya, chuchumaa, legeza mwili, sukuma kidogo. Kikishuka, kibane kitakoni kwa vidole viwili hewa iingie. Usivute kwa pupa!"

Daktari akachuchumaa, akabana. Halafu, pwaa!

"Kimetoka! Kimetoka!" Daktari nusura alie kwa furaha.

Alipofungua mlango, karakana nzima ilikuwa imejipanga nje, mpaka fundi wa vifungo na sindano yake mdomoni.

"Mama Kimya, haya umeyajulia wapi?"

"Ninacho changu. Mwaka wa sita huu."

"Miaka sita! Sasa mbona asubuhi hukuniambia kimkia hakikatwi chote?"

"Nilinyoosha mkono, Daktari. Ukasema maswali mwishoni."