Klachi Mbili, Bibi Harusi Mmoja

Alhamisi, 10 Julai 2025
Mungu anisamehe. Nimekiambia kikao cha harusi kwamba pikapu ya shemeji Masele inanuka ng'ombe na imejaa kupe. Kweli inanuka. Ila kupe nimeongeza mimi.
Ningefanyaje? Joyness, binti wa kaka yangu, anaolewa keshokutwa. Masele ni mjomba wake, anataka kumbeba yeye. Na gari yangu je?
Nikawaelimisha. Gia za mkono kama za Masele, mguu wa kushoto unatwanga klachi kutwa nzima. Oto ni laini, ila inazubaa. Yangu ina klachi mbili! Gia moja ikiwa kazini, inayofuata imeshashikwa, inangoja zamu. Mke wangu Mektilda akauliza kama mojawapo ni ya kufungia mdomo. Wakacheka sana. Lakini nimepewa bibi harusi!

Ijumaa, 11 Julai
Nimeijaribu mpaka Sapiwi. Inateleza kama mlenda! Masele kanikuta naosha tairi, akauliza eti shemeji, na honi nayo ina klachi? Wivu.
Nakiri jingine. Aliyeniuzia alinionya nisiitambaze polepole muda mrefu, klachi zitachemka. Sijamwambia mtu. Kanisani mpaka ukumbini ni karibu tu, itachemkia wapi?

Jumamosi, 12 Julai
Matarumbeta! Nani kawaita? Wametangulia kwa miguu, wanapuliza, wanakata viuno, wanarudi nyuma, wanaanza upya. Sisi tunafuata mwendo wa bata. Gari ikashikwa na kwikwi. Harufu ya kuungua. Nikamwambia Joyness ni ubani wa kanisani umemganda. Taa ya onyo ikawaka. Gari ikagoma katikati ya barabara!
Masele akasogea na pikapu, gia ya kwanza, taratibu kama anabembeleza mtoto. Joyness akapanda na shela lake. Akaniambia, usijali baba mdogo, kupe nitawatoa jioni. Akina mama wakanisukuma mpaka pembeni. Kwa vigelegele!

Jumapili, 13 Julai
Nimetubu. Nimemwomba Masele radhi mbele ya ukoo mzima. Akanikumbatia, nikatokwa machozi. Majivuno ni kitu kibaya sana.
Jioni nimewasha gari. Imepoa, inanguruma vizuri kabisa! Kumbe gari haina kosa. Kosa ni mwendo wa matarumbeta. Na mwezi ujao anaolewa Winnie, mdogo wake Joyness. Nimempigia kiongozi wa matarumbeta, nikamuuliza kwa upole kama vijana wake wanaweza kupuliza huku wanakimbia.