Maganda Hamsini Yasiyojaa Maji

Leo nimejiaibisha kwa maandishi. Kurasa tatu, zenye jedwali.

Wengi mnajua niko kwenye majaribio ya kazi katika klabu ya kulenga shabaha huku Mapinga. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Mzee Mbwana, fundi wa silaha, ndiye wa kusema nibaki au nirudi Msata kwa mama (ambaye ameshawatangazia majirani kwamba nimeajiriwa).

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Maganda hamsini ya risasi zilizokwisha kupigwa. Unapima ganda tupu, unalijaza maji kwa bomba la sindano, unapima tena. Tofauti ndiyo ujazo wake. Yanayolingana yanakaa pamoja, ili yakitumika upya risasi zote ziende sawasawa.

"Yasafishe kwanza," aliniambia jana. "Uchafu unadanganya mizani."

Mtu wa kawaida angeyafuta kwa kitambaa. Mimi nikajiuliza: safi kiasi gani? Kwenye kitako cha kila ganda kulikuwa na fataki, kile kidude kinachowasha baruti, iliyokwisha kulipuka, nyeusi kwa moshi. Nikazisukuma nje zote. Hamsini! Nikajipongeza.

Leo asubuhi nikaanza kupima. Ganda moja, mara tatu, majibu matatu. Nikazima feni. Nikafunga madirisha. Nikaacha kupumua (kweli, hadi nikaona vimulimuli). Majibu yakazidi kuachana. Kuuliza niliogopa. Mhitimu wa kemia anaulizaje habari za maji? Nikaandika ripoti: joto la Pwani hukausha maji kabla hayajafika kwenye mizani.

Saa sita Mzee Mbwana akaingia na wanachama wawili wa klabu. Nikawaamkia, nikasoma ripoti yote nikiwa nimesimama. Hakuna aliyenikatiza. Mama Zuhura, mpishi wetu, alikuwa mlangoni na jagi la maji. Akaokota ganda, akalijaza.

"Mwanangu," akasema, "mbona hili linakojoa?"



Mzee Mbwana akalichukua, akaliweka jichoni. Akanitazama kupitia kwenye tundu.

"Binti, fataki ziko wapi?"

"Nilisafisha, mzee."

"Fataki ndiyo kizibo. Tunaitoa tukishapima."

"Kumbe joto la Pwani limesingiziwa," mwanachama mmoja akasema taratibu. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Mzee akavaa miwani, akaanza kuisoma ripoti upya. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Moyoni nilikuwa nimeshapanda basi la Msata.

"Uliona majibu hayalingani," akasema, "ukayaandika hivyohivyo. Wangapi wangeyapika yalingane! Nakuongezea mwezi mmoja wa majaribio. Na kuniuliza ni bure."

Kwa hiyo sijaajiriwa, ila sijafukuzwa. Mama nimemwambia "mambo yanaendelea", jambo ambalo ni kweli. Ripoti Mzee Mbwana ameibandika ukutani, juu ya mizani. Mkipita Mapinga, nawaomba muisome kimoyomoyo.