Ratiba ya Kumpumzisha Mkaguzi wa Lifti

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mkaguzi wa lifti yuko chumbani kwangu, amelala! Yaani, amejilaza. Dari ameitumbulia macho, simu iko kifuani. Ni binti yangu huyo, wa kwanza na wa pekee. Bila saini yake hakuna lifti inayopanda kwenye majengo marefu kumi na tisa. Mimi niliishia darasa la saba, nikaingia kwenye cherehani. Sikujua kama tumbo langu lilibeba mhandisi.

Amekuja na barua ya daktari. Presha imepanda. Siku tano asiguse kazi, halafu Jumamosi apimwe. Ikiwa bado imezidi mia na arobaini, ananyang'anywa kibali cha kuingia kwenye mashimo ya lifti. Atakaa mezani kujaza fomu mpaka astaafu. Alinieleza hayo akitabasamu, lakini kidole gumba kilikuwa kinaisugua simu. Namjua. Alipokuwa na miaka minne, kilio kikimjia, alisugua kifungo cha gauni vilevile.

Nimemwambia aondoe shaka, amekuja kwa mama. Nimeandika ratiba kwa kalamu nyekundu na kuibandika mlangoni. Saa mbili kupumzika kitini. Saa tatu kupumzika kitandani. Saa nne kutembea bila haraka, dakika ishirini. Saa nne na dakika ishirini kupumzika uchovu wa kutembea. Na kuendelea, mpaka jioni. Hakuna hata dakika moja iliyobaki wazi.

Jioni alikuja jirani, nesi mstaafu, na kipimo chake cha presha. Mia na sitini na mbili. Akaisoma ratiba, akachekea puani. Akasema binti yangu hamalizi siku mbili, na kwamba mwanawe wa kiume akija likizo hulala kama gogo. Nikamjibu gogo nalo halikagui lifti.

Jumanne, tarehe 10

Tumeanza vizuri. Saa ya mezani ililia saa mbili kamili. Nilimkuta bado yuko usingizini, nikamwamsha ili apumzike.

Tatizo ni simu. Kitini aliipokea mara kumi na moja, kitandani mara sita. Alipotembea bila haraka, alitembea huku akimwelekeza fundi fulani namna ya kukaza breki, kwa sauti iliyowatoa watu madirishani. Nilipaswa kukasirika. Badala yake niliwaambia wa madirishani huyo ni wangu.

Mia na sitini na nane. Nesi akauliza, eti Mama Mkaguzi, huyu mtoto anapumzishwa au anakaguliwa? Mimi ndiye niliyemtaka aniite Mama Mkaguzi. Sikumtaka alitamke hivyo, kama mtu mwenye kitu kilichokwama jinoni.

Kesho simu inatoweka.

Jumatano, tarehe 11

Niliichukua alipokuwa anaoga. Nikaiviringisha kwenye kipande cha sketi za shule ninazoshona, nikaitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Alipouliza nikajitia hamnazo. Alipekua chini ya mito, juu ya kabati, ndani ya viatu. Alipokata tamaa akaanza kuikagua nyumba: bawaba za milango, ngazi ya nyuma, miguu ya cherehani yangu.

Saa tano kopo likaanza kunguruma. Yeye alikuwa nje anaitikisa nguzo ya kamba ya nguo. Nikapokea kwa kunong'ona.

Alikuwa mlinzi wa jengo moja. Lifti imekwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba, ndani yumo bwana mmoja, na namba pekee aliyo nayo ni ya mkaguzi. Nikamwambia mkaguzi amepumzika kwa amri ya daktari. Nikauliza kama huyo bwana ana kiti. Hana. Basi achuchumae, nikasema, avute pumzi, ashukuru kuwa hakuna anayemsumbua. Nikakata.

Kisha nikakaa roho mkononi. Nikisema, presha itapanda na kibali kitaondoka. Nisiposema, yule bwana je? Nilishona sketi nzima ndani nje. Zilipopita dakika arobaini nikashindwa, nikasema.

Sijawahi kumwona mwanangu vile. Hakupaza sauti. Alinyoosha mkono tu, nikampa kopo zima. Akapiga simu mbili, bwana akatolewa, mzima, ila amefura. Halafu akaniambia polepole, kama anayemsomea mtoto, kwamba kumfungia mtu si kumpumzisha. Akavuta begi, akaanza kukunja nguo.

Jioni, mia na sabini na nne. Nesi hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu mtu mwenye namba hiyo hasafiri, atoe nguo kwenye begi.

Alhamisi, tarehe 12

Yupo. Hatusemezani sana. Ratiba nimeibandua, nimeikunja, haikuchanika.

Mchana akaniomba nikae naye robo saa kwenye kizingiti cha nyuma, bila kufanya chochote. Nikamwambia hilo nalo la kuombana? Kukaa najua. Nikakaa. Uzi ulikuwa unaning'inia kwenye blauzi yake, nikaukata kwa meno. Nikafagia kizingiti kwa kiganja. Nikakumbuka nimeacha pasi. Nikakumbuka malinda ya sketi thelathini zilizobaki. Nilipoinuka aliangalia saa, akasema, "Dakika nne, Mama."

Akauliza ni lini aliniona nimekaa mikono mitupu. Nikafikiri kwa dhati. Hata uchungu wake ulinikuta kwenye cherehani, nikamalizia pindo kwanza ndipo nikaenda kumzaa. Nilimweleza hilo kwa fahari.

Akasema basi ndiyo maana, yeye amejifunza kwangu.

Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Msomi kama yule, anakiri kwa mdomo wake kwamba amejifunza kwangu. Naye akafuta macho.

Ijumaa, tarehe 13

Kesho ndiyo kesho. Na leo ndiyo siku waliyozitaka sketi shuleni, sitini, pamoja na kurekebisha viuno. Nilishinda huko kutwa. Kila sindano niliyochoma niliwaza: nimemwacha bila ratiba, bila mwangalizi, presha sijui imefika wapi.

Nilirudi mbio. Begi lipo. Simu iko mezani, imezimwa. Nikamwita, kimya. Nikamwita tena. Nikamkuta sakafuni nyuma ya cherehani, juu ya lundo la vipande vya vitambaa, mdomo wazi. Nikamwekea kidole puani. Anapumua. Alikuwa anakoroma kama baba yake.

Alipoamka akasema amelala tangu saa nne. Zamu yake ya simu amempa msaidizi. Nesi akampima: mia na thelathini na nne. Nikamuuliza anadhani kilichomsaidia ni nini. Akasema ni mimi kutokuwepo.

Wivu ni ugonjwa mbaya kuliko presha.

Jumamosi, tarehe 14

Mia na thelathini na sita mbele ya daktari mwenyewe, na kibali amepewa, miaka miwili! Nililia kwenye korido, nikamwambia kila mgonjwa aliyekuwa kwenye foleni.

Daktari ametoa sharti moja. Kila juma apate siku bila kazi, bila simu, bila watu. Binti amechagua Jumapili, kuanzia wiki ijayo, na amechagua kuja kwangu. Anasema hataki chochote, anataka ukimya tu.

Nimemwelewa kabisa. Siku nne za mwanzo ratiba ilikuwa inamwingia taratibu, ya tano ikakolea. Nimeandika nyingine, kwa kalamu ya kijani, na ukimya nimeutengea saa nane hadi saa nane na nusu. Kitu kizuri kama hiki si cha kukaa nacho peke yangu. Nimewaalika wajomba zake, shangazi zake watatu, walimu wa shule ile, fundi viatu na mkewe, na wote wa madirishani, waje wajionee mtu anavyopumzika. Viti arobaini nimeshaazima. Yeye sijamwambia, nisimharibie raha.

Ni Jumapili ya tarehe 22, saa tatu kamili asubuhi. Waje mapema, wapate kukaa mbele.