Fimbo ya Tata Breki Yafika Machochwe

Redio ya Mama Teresia, muuza chai wetu, haikumaliza hata sentensi. VAR alipiga meza kwa kiganja, chai zetu zikamwagika.

"Mmesikia? Matokeo ya mbio za kupokezana vijiti yamezuiwa! Klabu yetu ya Nyarero imeingia uwanja wa Machochwe na kijiji kizima, halafu zawadi ya kwanza, ng'ombe dume, hajulikani alipo. Dizeli, jieleze!"

VAR ni Ezra. Tulimpa jina hilo kwa sababu anatoa hukumu ya kila jambo, hasa lile ambalo hakuwepo. Dizeli ni Simioni, aliyekimbia kipande cha mwisho cha klabu yetu; hawaki mpaka achemshwe. Alikuwa amekaa pembeni kifua wazi, shati kalitundika kwenye msumari, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, sura kama amefiwa. Tangu ajiunge na klabu hajashinda hata soksi, na Kepteni Robi alishamwambia matokeo yakifutwa, msimu ujao atabeba chupa za maji za wenzake.

"Mimi nilikimbia vizuri," alisema kinyonge. "Kosa ni la fimbo."

Macho yote yakahamia kwa Mzee Waisiko. Sisi tunamwita Tata Breki, yaani Baba Breki, kwa jinsi anavyosimamisha mazungumzo anapotaka.

"Fimbo yangu imekosa nini? Waandaaji walisema kila klabu ije na kijiti chake. Wengine wakaja na vibomba vya plastiki. Mkurya mzima atakimbia mpaka Serengeti ameshika mrija wa soda? Nikawapa fimbo iliyochunga ng'ombe wa baba yangu."

"Lakini tata, ile fimbo ni ndefu kuliko Dizeli!" VAR akadakia.

"Ndiyo maana ilifika kabla yake."

Mama Teresia alicheka mpaka chapati ikaungua. Tukaila hivyo hivyo.

"Haya, Dizeli," nikasema, "kijiji ulikitoa wapi?"

"Sikilizeni. Nimepokea fimbo kwa mwenzetu Benedicto, nikaondoka. Joto, jezi nimeivua. Naingia kijiji cha mwisho kabla ya Machochwe, kifua wazi, fimbo mkononi. Mama mmoja akasimama shambani akauliza, 'Wameelekea wapi?'"

"Akina nani?"

"Nilidhani anauliza wakimbiaji wenzangu! Pumzi zimekwisha, siwezi kujibu. Nikanyoosha fimbo mbele."

Benchi zima likalipuka. Huku kwetu mwanaume akipita mbio kifua wazi na fimbo, haongei, anaonyesha mbele, habari ni moja tu: ng'ombe wameibwa, na kila amwonaye lazima amfuate.

"Mura, kijana wangu, umemaliza!" Tata Breki alijipiga goti. "Umepiga yowe bila kufungua mdomo!"

"Mama akalipiga yeye, tena kwa sauti! Nageuka, naona wanaume na marungu, mwalimu na chaki yake, mpaka bwana harusi na suti! Nikasema hawa wananiua, nikaongeza mwendo. Wao wakajua nimewaona wezi, wakaongeza. Mkimbiaji wa Issenye alikuwa mbele yangu. Alipogeuka akaona yale marungu, jamani, aliingia kwenye mahindi. Sijui kama ametoka."

"Faulo!" VAR alisimama. "Kumtisha mpinzani. Kadi nyekundu!"

"Nani alimgusa?" Tata Breki akauliza. VAR akakaa.

"Na ng'ombe?" nikauliza.

"Nimevuka utepe, nikaanguka kifudifudi. Nasikia shangwe, nikajua leo na mimi nimeshangiliwa. Kumbe, nilivyosimuliwa baadaye, wamemwona dume wa zawadi amefungwa kwenye nguzo ya goli, amevishwa riboni. 'Tumempata!' Wakamfungua, wakarudi naye kwao wakiimba. Mgeni rasmi anapiga makofi, anadhani ni ngoma ya kufungia sherehe."

Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Lakini nilimhurumia pia, maana macho yake yalikuwa yamelowa kweli.

Hapo hapo bodaboda ikamshusha Kepteni Robi, simu mkononi, ikaendelea zake sokoni.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, binti. Sema haraka, huyu kijana anatufia."

"Waandaaji wameamua." Mama Teresia akazima redio kabisa. "Wamesema kijiti chetu ni fimbo, na fimbo imevuka utepe ikiwa mikononi mwa Simioni. Wale wengine ni mashabiki wenye mbio tu. Tumeshinda!"

Dizeli aliruka, beseni likapinduka, maji ya chumvi yakatuingia viatuni, na hakuna aliyejali. Tulimkumbatia kwa zamu. Hata VAR alimkumbatia, akisema yeye alijua tangu mwanzo.

"Ngojeni kwanza," Robi akasema. "Dume bado wanaye wale waliofuata yowe. Wanasema hawana ubaya, mwenye mali aende akataje rangi na alama zake, atakabidhiwa. Asipotokea leo, jioni wanamchinja, waliotoka jasho wamle."

Robi akamgeukia Dizeli.

"Dizeli, ana rangi gani?"

"Si nimewaambia nilikuwa kifudifudi!"

"Mweusi, ana baka jeupe kwenye paji," VAR akasema bila kupepesa macho.

"Umemwona wapi wewe?"

"Sijamwona. Ila madume mengi yako hivyo."

"Tutamuuliza mgeni rasmi njiani," Robi akakata. "Na wanamtaka yule yule aliyewaita, na fimbo yake."

Dizeli hakusubiri viatu wala shati. Fimbo ilikuwa imeegemea ukutani. Akaikwapua, akachomoka kuelekea bodaboda za kona ya sokoni. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiwaka bila kuchemshwa. Robi akamfuata, VAR na kikombe chake, mimi nyuma yao, na Tata Breki kanishinda mwendo, kofia mkononi, anacheka kama mtoto.

Sokoni mama mmoja muuza dagaa alisimama, akaweka sado lake la kupimia chini.

"Wameelekea wapi?"

Dizeli, pumzi zimekwisha, akanyoosha fimbo mbele.