Kiti Kando ya Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Halafu huyo mzimamoto mwenyewe si alishakufa! Hilo ndilo nililomwambia mume wangu asubuhi hii akitafuta soksi. Sehemu ya tano ya filamu alitumbukia ndani ya volkano. Alinihadithia mwenyewe wakati wa uchumba, machozi yakimlengalenga. Volkano! Sasa sehemu ya sita anatafuta nini?

Mume wangu. Acha niliandike tena. Mume wangu! Ni fundi wa majokofu, mikono yake ni ya baridi muda wote, na akinishika shavu nasahau hata nilikuwa nasema nini. Leo nimekataa kusahau. Jumamosi tunatimiza mwezi mmoja wa ndoa. Na Jumamosi hiyohiyo mume wangu anakwenda kutazama Moto Hauzimiki, sehemu ya sita. Yeye, dada yake, na rafiki yake Bonge wa duka la mikate. Wanakwenda hivyo tangu sehemu ya kwanza. Safu ileile. Wifi kulia kwake, Bonge kushoto.

Na mimi? Mimi nyumbani, nalinda sufuria!

Nikamwuliza watu wazima wenye akili zao wanafuata nini kwenye moto uleule, kwa mtu yuleyule, anayevua kofia ileile. Akasema safari hii moto unawaka chini ya bahari. Nikamwambia huo ni upuuzi, ila yeye aende tu akafurahi.

Alitakiwa aelewe! Mwanamume aliyeoa anatakiwa asikie "nenda tu" na papo hapo avue viatu. Yeye akanibusu kwenye paji la uso, akasema amebahatika kupata mke asiye na makuu. Akatoka akipiga mluzi. Mluzi!

Sitamwomba. Mke haombi kiti kando ya mume wake mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia. Nimeipata nikipinda pindo la pazia, sindano mdomoni, nusura niimeze kwa furaha.

Watu wanakwenda sinema kujua mwisho. Ukishaujua mwisho, utafuata nini tena? Basi mimi nitautafuta mwisho, niumwage mezani kesho wifi akija kula, hamu iwaishe wote, na Jumamosi mume wangu awe wangu peke yangu. Rahisi!

Na bahati nayo inanipenda. Ukumbi wa sinema umeagiza kwenye duka letu la ushonaji mapazia mazito ya mlangoni, yale ya kuzuia mwanga usiingie wakati filamu inaendelea. Bosi alitaka kumtuma fundi mkubwa akapime. Nikanyanyua mkono kabla hajamaliza sentensi. Bosi akasema hajawahi kuniona na ari namna hiyo. Nikasema ndoa imenibadilisha.

Pale mlangoni yupo mama wa tiketi, mwenye tochi shingoni na sauti ya kuamshia mtaa. Nikamwambia filamu hii sitaiona, nina majukumu ya ndoa, basi anidokeze tu mwisho. Akakataa katakata. Akasema huo utakuwa uhaini. Nikasema haidhuru, nikarudi kwenye futi yangu. Sijapima hata upande mmoja nikamsikia nyuma yangu anasema, "Ila binti, ngoja nikwambie tu kidogo."

Kidogo! Alishika ufagio ukawa bomba la maji. Alilala sakafuni akawa nyambizi. Kumbe aliyetumbukia kwenye volkano ni pacha wake! Mzimamoto mwenyewe muda wote alikuwa baharini, na mwishoni anafunga koki ya gesi kwa meno, kwa sababu mikono imeungua. Halafu anavua kofia, anawatazama maadui, anasema neno lake la kila sehemu: "Nipisheni!" Mama wa tiketi alilisema kwa nguvu hadi muuza bisi akamwaga bisi.

Wakati huohuo akaingia dada mmoja na mtoto mgongoni, tiketi mkononi. Mama wa tiketi akamsalimia kama jirani, kumbe alishaitazama juzi na jana. Nikauliza huyu anarudia nini, si anajua kila kitu? Mama wa tiketi akanitazama kuanzia juu hadi chini. Akaniuliza kama kwetu tukila jana, leo hatuli.

Nikaona hana hoja. Nikaaga.

Niko dukani ndipo nikagundua nimepima urefu wa mlango tu. Upana sikupima. Nikakisia. Mlango ni mlango.

Jumatano, 5 Machi

Nimechoka! Nimechoka na familia hii!

Wifi alikuja kama kawaida yake ya Jumatano. Nikapakua. Nikasubiri wote wawe na chakula mdomoni wasiweze kunizuia. Kisha nikasema, kana kwamba limeniponyoka, kwamba masikini yule mzimamoto, kumbe aliyekufa ni pacha wake, na koki ataifunga kwa meno.

Kijiko cha wifi kikaanguka. Moyoni nikajisemea, hapo sasa.

Wifi akainuka, akazunguka meza, akanikumbatia hadi pumzi ikanikata. Akalia! Akasema, "Wifi yangu, Mungu akuzidishie, umenitua mzigo."

Kumbe nilikuwa nimeolewa kwenye nyumba yenye mambo yake na hakuna aliyenieleza. Wifi ana moyo mwepesi. Hawezi kukaa kwenye kiti bila kujua kwanza kama mzimamoto atapona. Tangu sehemu ya kwanza, Bonge hutangulia peke yake, anatazama, anarudi kumpa taarifa, ndipo wote watatu wanakwenda. Safari hii Bonge amebanwa na kazi, hajatangulia. Wifi alikuwa amekata tamaa. Alikuja leo kusema haendi! Haendi! Kiti kilikuwa wazi, mimi mwenyewe nikamrudisha mtu juu yake!

Mume wangu naye akanitazama kwa yale macho yake. Nilikuwa na hasira nayo, lakini nikamwongezea chakula. Akasema sizipendi filamu hizi na bado nimekwenda kuwaulizia. Akasema hakujua binadamu anaweza kuwa na moyo kama wangu. Kisha wakaniomba nirudie. Nikarudia. Wifi akasema nyambizi sikuielewa vizuri, nirudie tena kwa vitendo.

Nikalala sakafuni. Nikawa nyambizi. Wakapiga makofi.

Ijumaa, 7 Machi

Wifi hang'oki. Basi aondoke Bonge.

Jana niliondoka kazini mapema kidogo nikapita duka la mikate. Bonge alikuwa na unga hadi kwenye nyusi. Nikamwambia shemeji, Jumamosi tunatimiza mwezi, nataka keki kubwa, na nataka uilete mwenyewe kwa mikono yako, saa kumi kamili jioni, si mapema wala si baadaye. Saa kumi filamu inaanza. Nikamwambia juu aandike maneno ya kutoka moyoni, yeye ndiye anayetujua. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Shemeji, niachie mimi."

Nikatembea kurudi nyumbani najiona mwerevu kuliko walimu wangu wote wa sekondari.

Leo jioni mlango umegongwa. Bonge! Na keki! Akasema alifikiri saa kumi kesho nilikosea, maana muda huo wote tunajua yuko wapi, basi ameamua asinisumbue, ameileta mapema. Akaifunua.

Ni keki nyekundu. Ina moto wa krimu. Ina kofia ya mzimamoto ya sukari. Na juu, kwa herufi kubwa, maneno ya kutoka moyoni ya mwezi wangu wa kwanza wa ndoa: NIPISHENI!

Mume wangu akaegemea jokofu. Akasema wanaume wengi wanaoa wanawake wasioelewa marafiki zao. Bonge akafuta jicho, unga ukamwingia, tukamwosha.

Nilikula ile kofia yote peke yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na mapazia.

Nilimshawishi Bosi kwamba mapazia ya sinema yatundikwe leo, jioni, na mimi. Nia yangu ilikuwa ndogo tu: niwe ndani ya ukumbi. Mume wangu anione juu ya ngazi, mke wake, mwezi mmoja wa ndoa, nafanya kazi peke yangu wakati yeye anatafuna bisi. Aone haya. Basi!

Tuliagana asubuhi. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika sina jambo la kumwambia. Nikasema sina. Akasimama mlangoni kidogo. Akaenda.

Nimetundika pazia la kwanza, nikatundika la pili, nikayavuta yakutane.

Hayakukutana.

Mlango si mlango! Mlango ule ni mpana kama lango la ghala! Katikati ulibaki mwanya wa kupitisha ng'ombe, na mwanga wote wa nje ukamiminika hadi kwenye skrini. Filamu imeanza, bahari haionekani, watu wanapiga kelele kwamba funga huko. Mama wa tiketi akanimulika na tochi, akaniambia, "Binti, ulipima nini siku ile?" Nikashika pazia moja mkono wa kulia, jingine wa kushoto, nikayavuta kwa nguvu zangu zote, nikayakutanisha chini ya kidevu. Mwili nje, kichwa ndani. Hivyo ndivyo nilivyoadhimisha mwezi wangu.

Na nikiwa kichwa tu hivyo, ndipo nikamwona mume wangu.

Wifi kulia kwake. Kushoto kwake kiti kitupu, kina jaketi lake. Bonge yuko upande wa pili wa kiti hicho. Na bwana mmoja mnene, amechelewa, amesimama juu yao anataka kuketi. Ukumbi umejaa, kila mtu amemsikia mume wangu akisema kiti kina mwenyewe. Yule bwana akauliza mwenyewe yuko wapi. Mume wangu akasema ni mke wake. Yule bwana akauliza basi mke yuko wapi. Mume wangu akasema, "Hapendi filamu hizi. Lakini kiti ni chake."

Sijui niliyashikaje mapazia.

Alininunulia! Alininunulia na hakusema, kwa sababu mimi nilisema ni upuuzi! Kwani hana akili? Kwani mimi sina? Nilitaka kupiga kelele, lakini nikiachia, bahari inapotea. Nikabaki hapo nusu ya filamu, naumwa mabega, namtazama mume wangu kwa pembeni, taa za skrini zikimpaka bluu na nyekundu usoni. Mzuri! Mzuri hata akiwa na bisi kwenye ndevu!

Kisha likaja la koki. Nilijua atatumia meno. Wifi alijua. Yule dada mwenye mtoto alijua, alikuwepo tena. Na bado nikawa nasema mwenyewe kwa sauti, uma, uma, uma! Akauma. Gesi ikakata. Akanyanyua mikono iliyoungua, akashika kofia, na ukumbi mzima ukaanza kuinuka kama watu wa ukoo mmoja walioitwa kwa jina. Wifi ameinuka. Bonge ameinuka. Mume wangu ameinuka. Kofia ikavuliwa.

"NIPISHENI!" tukasema wote.

Wote, na mimi! Kwa mikono juu! Mapazia yakaachana, mwanga ukaingia kama saa sita mchana, mzimamoto akafutika, watu mia wakageuka wananitazama nimesimama mlangoni, mikono hewani, futi shingoni. Wakazomea. Mama wa tiketi akayadaka mapazia akaniambia toka hapo, nenda ukakae, kabla hawajakumeza.

Nikakimbia. Nikakanyaga watu. Mume wangu alishanyanyua jaketi. Nikaketi, mkono wake wa baridi ukashika wangu, nami nikalia hadi majina ya mwisho, kwa ajili ya mtu ambaye nilijua tangu Jumanne kwamba hafi.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya raha tupu. Tumekula keki asubuhi.

Mume wangu aliniuliza kwa upole kwa nini sikusema tu kwamba nataka kwenda. Nikamwuliza kwa nini yeye hakusema tu kwamba ameninunulia kiti. Tukacheka sana. Akasema tukubaliane, kuanzia leo mtu akitaka jambo analisema, kwa maneno, mdomoni. Nimeapa. Nimeapa huku nimeshika shavu lake. Hakutakuwa na njama tena katika nyumba hii.

Kesho napeleka kitambaa cha kuongezea mapazia. Bosi amenituma na fundi mkubwa, anishikie futi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekuwa nikiwaza nikishona. Watu hawafuati mwisho, sasa naona. Wanajua kila kitu na bado wanajaza ukumbi, wanainuka wakati uleule, wanalia palepale. Wanataka tu ije tena, kubwa zaidi.

Basi si harusi nayo ni hivyohivyo?

Harusi sehemu ya pili! Bwana harusi yuleyule, bibi harusi yuleyule, wageni walewale viti vilevile, ila safari hii mapazia ya ukumbi nashona mwenyewe, na keki iwe na ghorofa. Nani hatakuja? Watakuja wote! Mwaka huuhuu!

Mume wangu nisimwambie bado. Nikimwambia wazi atauliza maswali. Aanze kuitaka mwenyewe, aone ni wazo lake. Kwa hilo namhitaji mama yake. Nimempigia simu mama mkwe sasa hivi, sauti ya chini, mume wangu akiwa bafuni. Nimemwambia tumemkumbuka sana, na kabla mwezi huu haujaisha tutafika kwake, mimi na mwanawe. Akauliza kuna jambo gani.

Hakuna, mama. Kusalimia tu.